Kubadilisha programu kubwa kidogokidogo: mwongozo kamili kwa wanaohudumia maduka na depo za Lubumbashi

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa vijana wanaoandika programu za mauzo hapa mjini ni wa namna moja: nilibadilisha hifadhidata Jumamosi usiku, kila kitu kilikwenda vizuri kwangu, Jumatatu asubuhi depo ikashindwa kuuza. Wengi wao ni mafundi wazuri. Kinachowaangusha ni kufanya mambo sita kwa usiku mmoja.

Nami niliwahi kuangukia hapo hapo. Depo moja ya vifaa vya ujenzi upande wa Kampemba ilinipa kazi ya kuongeza mauzo ya dola kwenye programu iliyojua faranga peke yake. Nilibadilisha kila kitu Jumapili. Saa mbili asubuhi ya Jumatatu mama wa kesi, yaani anayepokea pesa kaunta, akanipigia: "Papa, mashini inasema mufuko wa saruji ni franka kumi na mbili. Niuzishe?" Nyuma ya sauti yake nilisikia malori yakipiga honi kwenye geti. Ilikuwa dola 12, mashini ikaziandika faranga 12, na sikuwa na njia ya kurudi nyuma bila kufuta mauzo yote yaliyokwisha kuingia asubuhi ile.

Mwongozo huu unafuata badiliko hilo hilo moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, jinsi nilivyopaswa kulifanya. Jedwali linaitwa `mauzo`. Lina safu iitwayo `bei`, namba tupu isiyosema ni ya sarafu gani. Tunataka kufika mahali ambapo kila uuzaji una `kiasi`, `sarafu` na `kiwango` cha kubadilishia siku hiyo. Mifano ni ya PostgreSQL, lakini mpangilio wa hatua ni ule ule hata kwa hifadhidata nyingine.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

- Nakala rudufu iliyochukuliwa kwa `pg_dump` (amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala), na ambayo umeshairudisha kwenye mashini nyingine ukaona inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.
- Mashini ya majaribio yenye nakala ya data halisi. Data ya kubuni yenye mistari kumi haitakuonyesha mauzo ya ajabu ya miaka mitatu iliyopita.
- Msimbo wote ndani ya Git (programu inayotunza kila badiliko la msimbo), pamoja na zile skripti ndogo za kuchapa risiti ambazo mtu alizitupia kwenye kompyuta ya kaunta.
- Betri na inveta, au saa ambazo una hakika jenereta itawaka. Kazi hii haina hatua inayodai umeme wa saa sita mfululizo, lakini usianze hatua yoyote ukiwa na asilimia 15 ya chaji.
- Mhasibu wa depo, pamoja na madaftari yake ya karatasi. Utamhitaji kwenye hatua ya 5, na hakuna atakayeweza kushika nafasi yake.
- Daftari lako mwenyewe: tarehe, saa, ulichofanya, amri ya kukirudisha nyuma.

Na jambo moja la kukubali moyoni kabla ya kuanza: programu ya zamani na mpya zitaishi pamoja kwa majuma kadhaa. Hili si chaguo. Depo ya Ruashi itakosa umeme siku mbili, kompyuta yake italala, kisha itaamka siku ya tatu ikiwa bado na toleo la zamani na kuanza kuandika mauzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila hatua hapa chini imepangwa ili kompyuta hiyo isiharibu kitu, nayo isiharibiwe.

## Hatua ya 1: Tafuta wote wanaogusa safu ya `bei`

Anza na `git grep -n bei`, amri ya kutafuta neno `bei` kwenye msimbo wote. Utapata nusu ya ukweli. Nusu ya pili haiko kwenye Git: iko kwenye Excel ya mhasibu iliyounganishwa moja kwa moja na hifadhidata, kwenye ripoti inayomfikia bosi kila jioni, kwenye kompyuta ya depo ya Kasumbalesa (kule mpakani na Zambia) ambayo hakuna aliyekwambia ipo.

Angalia `pg_stat_activity` mara kadhaa kwa siku tofauti, hasa mwisho wa mwezi. Itakuonyesha ni anwani zipi zinaunganika na kwa programu ipi. Kisha nenda ukaulize watu kwa mdomo. Swali zuri ni "unapata wapi hizi namba?", kwa sababu mhasibu hajui kama yeye ni "mtumiaji wa hifadhidata".

*Umefaulu ukiwa na* orodha ya karatasi: kila programu, kila ripoti, na jina la mtu wa kumpigia.

## Hatua ya 2: Weka mlango mmoja

Kwenye msimbo wako bila shaka `bei` inasomwa sehemu arobaini. Usizibadilishe zote ziende kwenye safu mpya. Tengeneza kwanza kazi (function) mbili tu, moja ya kusoma bei ya uuzaji na moja ya kuiandika, kisha uzielekeze sehemu zote arobaini zipitie humo. Ndani ya kazi hizo, fanya vile vile ilivyokuwa ikifanyika zamani, bila kuongeza kitu.

Sababu ni hii: baadaye utabadilisha sehemu moja badala ya arobaini, na ukikosea utarudisha sehemu moja. Watu huiruka hatua hii kwa sababu haimwonyeshi bosi chochote kipya. Msiruke. Ndiyo inayofanya hatua zote zinazofuata ziwe ndogo.

Peleka kwenye seva, acha ikae siku tatu au nne.

*Onyo:* usirekebishe hitilafu nyingine njiani. Ukiona hesabu ya punguzo imekosewa, iandike kwenye daftari na uiache. Ukichanganya, siku risiti itakapotoka vibaya hutajua ni lipi lililosababisha.

*Umefaulu ikiwa* hakuna mtu hata mmoja aliyetambua kwamba kuna kilichobadilika, na `git grep` inaonyesha `bei` ndani ya faili moja tu.

## Hatua ya 3: Ongeza safu mpya, tupu

```
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE mauzo ADD COLUMN kiasi numeric;
ALTER TABLE mauzo ADD COLUMN sarafu text;
ALTER TABLE mauzo ADD COLUMN kiwango numeric;
```

Mstari wa kwanza ndio wengi hawauweki. `ALTER TABLE` inadai kufuli zito kuliko yote juu ya jedwali. Kama ripoti ndefu ya mhasibu inasoma `mauzo` wakati huo, amri yako itapanga foleni nyuma yake, na kaunta zote zitapanga foleni nyuma ya amri yako. Depo nzima inasimama kwa sababu ya ripoti moja. Ukiweka kikomo cha sekunde 3, amri inakata tamaa na wewe unajaribu tena baadaye.

Usiweke `NOT NULL` (sharti la kukataa safu tupu) hapa. Programu ya zamani haizijui safu hizi, kwa hiyo itaandika bila kuzijaza, na hifadhidata itakataa uuzaji wake. Tumia `numeric`, wala usitumie namba za desimali zinazoelea: senti za dola zitaanza kupotea moja moja, nawe utazitafuta hadi usiku wa manane.

*Umefaulu ikiwa* uuzaji kutoka kompyuta yenye toleo la zamani unaingia kama kawaida, safu tatu mpya zikiwa tupu.

*Kurudi nyuma:* ondoa safu. Hazina kitu bado.

## Hatua ya 4: Andika pande zote mbili

Sasa ile kazi ya kuandika uliyoitengeneza kwenye hatua ya 2 inapata uwezo mpya. Skrini ya kaunta inauliza sarafu. Mteja akinunua kwa dola 20, na kiwango cha siku tuseme ni faranga 2800, programu inaandika `kiasi` 20, `sarafu` USD, `kiwango` 2800, na bado inaandika `bei` 56000. Akinunua kwa faranga, `sarafu` ni CDF na `kiwango` ni 1.

`bei` bado ndiyo inayosomwa na kila mtu. Safu mpya zinajifunza tu. Maandishi yote yawe ndani ya amri moja ya `INSERT`, ili umeme ukikatika katikati pasiwe na mstari wenye upande mmoja.

Kuna shimo moja hapa ambalo nimewaona watu wengi wakitumbukia. Mama wa kesi kwenye toleo jipya ameuza; mwenzake kwenye toleo la zamani akafungua uuzaji ule ule kurekebisha bei. Toleo la zamani litabadilisha `bei` na kuacha `kiasi` vilevile. Sasa mstari mmoja unasema mambo mawili. Dawa yake ni triga ndogo kwenye jedwali, yaani msimbo ambao hifadhidata huuendesha yenyewe mstari unapobadilishwa: `bei` ikibadilika bila `kiasi` kubadilika, ifute `kiasi`, `sarafu` na `kiwango` ziwe tupu. Triga isikisie sarafu. Mstari mtupu utauona na kuushughulikia. Mstari wenye sarafu ya kukisia utaamini ni kweli.

*Umefaulu ikiwa* mauzo mapya kutoka toleo jipya yana safu zote nne, na yale ya toleo la zamani yana `bei` tu.

## Hatua ya 5: Jaza mauzo ya zamani

Hapa ndipo kazi ilipo. Hatua nyingine ni za msimbo. Hii ni ya kujua biashara ya watu.

Upande wa mashini ni rahisi. Pita kwa mafungu ya mistari 1000 kwa kufuata `id`, kila fungu likiwa muamala wake wa hifadhidata, na pumziko fupi kati ya mafungu ili kaunta zipumue:

```
UPDATE mauzo SET kiasi = bei, sarafu = 'CDF', kiwango = 1
WHERE id BETWEEN 1 AND 1000 AND kiasi IS NULL AND bei >= 5000;
```

Sharti la `kiasi IS NULL` ndilo linalokuruhusu kuirudia amri bila hofu. Umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) ukikatika kwenye fungu la 37, ukirudi unaanza popote upendapo. Yaliyokwisha kujazwa hayaguswi.

Lakini kwa nini nimeweka `bei >= 5000`? Kwa sababu data ya zamani si safi. Programu ilijua faranga peke yake, lakini watu walikuwa wakilipa dola, na makarani waliandika 12 wakimaanisha dola 12. Mfuko wa saruji hauwezi kuwa faranga 12, kwa hiyo huo unajulikana. Shida ni namba za katikati. Mstari wenye 500 ni nini? Misumari ya faranga 500? Au bati za dola 500? Vyote viwili huuzwa kwenye depo hiyo hiyo.

Usikisie, na usiandike kanuni ya ujanja ya kukisia kwa niaba yako. Kikomo cha 5000 nacho si changu: alinipa mhasibu, baada ya kuthibitisha kwamba hakuna uuzaji mmoja wa dola uliofika 5000. Kwenye depo yako namba itakuwa nyingine. Yote yaliyo chini ya kikomo yatoe kwenye orodha, uichape, ukae na mhasibu na vitabu vya risiti za karatasi. Kwenye depo niliyoisimulia, mama wa kesi alikuwa ameweka alama yake: duara dogo kwa kalamu nyekundu kando ya kila uuzaji wa dola, miaka miwili mfululizo, bila kuambiwa na mtu. Alichokijua yeye hakikuwa popote ndani ya mashini. Tulimaliza mistari yote kwa alasiri tatu, na kiwango cha kila siku tukakichukua kwenye daftari la mhasibu.

Kwa mistari hiyo ya dola, jaza safu mpya kwa usahihi, lakini usiirekebishe `bei`. Iache na ile 12 yake. Ukiigusa, unabadilisha ripoti za miezi iliyokwisha fungwa bila kumwambia mwenyewe. Weka namba za mistari hiyo kwenye jedwali dogo la pembeni. Utalihitaji hatua inayofuata.

Rudia skripti ya kujaza kila usiku, kwa sababu kompyuta za toleo la zamani zinaendelea kuandika mistari mitupu.

*Umefaulu ikiwa* idadi ya mistari yenye `kiasi` tupu ni sifuri kila asubuhi, au ni michache ambayo unaweza kuitaja mmoja mmoja.

## Hatua ya 6: Linganisha kila siku, angalau juma mbili

Kila jioni piga hesabu mbili kwa kila depo: jumla ya `bei`, na jumla ya `kiasi` mara `kiwango`. Zitofautiane tu kwa mistari ile ya jedwali la pembeni. Tofauti nyingine yoyote, hata ya faranga 50, itafute mpaka uijue jina.

Tofauti mbili utakutana nazo kwa hakika, na hazihusu pesa. Zinahusu saa.

Ya kwanza: Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC (saa ya kimataifa ambayo seva nyingi huifuata), Kinshasa saa moja. Kama seva yako iko nje na inahesabu siku kwa UTC, "leo" yake inaanza saa nane za usiku kwetu. Depo haitaona kitu, lakini duka la mkate linalouza saa saba usiku litaona mauzo yake yakihamia siku ya jana.

Ya pili: kompyuta nyingi za kaunta ni kuukuu, na ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi miaka nyuma. Uuzaji wa leo unaandikwa tarehe ya zamani na kutoweka kwenye ripoti ya leo. Tarehe ya uuzaji itolewe na seva. Kama kompyuta huuza bila mtandao, nunua betri. Ni kitu cha bei ndogo sana, na kimeniokolea usiku mwingi.

*Umefaulu ukiwa na* siku 14 mfululizo zisizo na tofauti usiyoijua.

## Hatua ya 7: Geuza usomaji, depo moja baada ya nyingine

Ndani ya kazi ya kusoma weka swichi: jedwali dogo lenye jina la depo na ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, soma safu mpya. Ikiwa hapana, soma `bei`. Kuandika kunaendelea pande zote mbili.

Anza na depo iliyo karibu nawe kwa miguu, yenye wateja wa wastani. Chagua Jumanne au Jumatano. Usichague Jumatatu, mwisho wa mwezi wala siku moja kabla ya sikukuu. Uwe pale mwenyewe saa ya kufungua, usimame nyuma ya mama wa kesi, usome risiti kumi za kwanza kwa macho yako. Ikikaa vizuri siku mbili, fuata ya pili. Katuba, kisha Kenya (komini ya hapa mjini), Ruashi iwe ya mwisho kwa sababu ya umeme wake.

Mpe mtu wa depo namba yako, na uzime swichi kwanza kila anapopiga simu. Uchunguzi utafuata baadaye. Kuzima ni sekunde moja na hakupotezi kitu, maana `bei` ingali inaandikwa.

*Onyo kubwa:* kila swichi iwe na jina jipya, na usiitumie tena swichi ya kazi nyingine ya zamani. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikiuza na kununua hisa, iliwasha kazi mpya kwa swichi iliyowahi kutumika kwa kazi nyingine. Seva moja kati ya nane haikuwa imepata programu mpya. Kwenye seva hiyo, swichi ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umesahauliwa, na kwa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Ile seva moja ndiyo kompyuta yako ya Ruashi.

Na kama bosi anakusukuma uwashe depo zote kwa pamoja, mweleze yaliyoikuta benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake wote kwenye mfumo mpya kwa mwisho wa juma mmoja, na ilichukua hadi Desemba mambo kurudi kuwa ya kawaida.

*Umefaulu ikiwa* depo zote ziko kwenye ndiyo, na mwisho wa mwezi mmoja mzima umepita.

## Hatua ya 8: Ondoa cha zamani

Watu huchoka hapa, wakaacha safu zote mbili milele. Mwaka mmoja baadaye kijana mwingine anafika, anaikuta `bei`, anaisoma kwa ripoti mpya, na mnaanza upya.

Fuata mpangilio huu, siku tofauti kwa kila kimoja:

1. Hakikisha hakuna toleo la zamani linaloandika. Triga yako ya hatua ya 4 ikiandika tarehe kila inapofanya kazi, na skripti ya usiku ikikuta sifuri kwa juma mbili, ndipo ujue.
2. Ondoa `NOT NULL` kwenye `bei`. Ukisahau hili, siku utakapoacha kuiandika hifadhidata itakataa kila uuzaji.
3. Acha kuandika `bei`. Kuanzia hapa kuzima swichi hakukurudishi tena, kwa hiyo iondoe swichi kwenye msimbo siku hiyo hiyo.
4. Weka `NOT NULL` kwenye `kiasi`, `sarafu` na `kiwango`, na sharti kwamba sarafu ni CDF au USD tu. Liongeze sharti kwa `NOT VALID` kwanza, kisha `VALIDATE CONSTRAINT`, ili kaunta zisisimame wakati mistari ya zamani inakaguliwa.
5. Badilisha jina la `bei` liwe `bei_ya_zamani`, saa nne asubuhi, ukiwa macho. Kilichosahaulika kitapiga kelele, na kurudisha jina ni amri moja. Kwangu kilichopiga kelele kilikuwa Excel ya pili ya mhasibu, ile ya kodi, ambayo hufunguliwa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo ngoja mwezi mzima.
6. Chukua `pg_dump`, iweke mahali pa kudumu, kisha ondoa safu, triga na jedwali la pembeni.

*Umefaulu ikiwa* `git grep` haileti tena `bei` hata mstari mmoja, mhasibu amefunga mwezi wake bila kukupigia, na mama wa kesi anachukua dola kwa mkono mmoja na faranga kwa mwingine bila kukuuliza kitu.